Naomba ushauri: Silene dioica yangu haitoi mbegu

Jambo wapendwa. Mama mdogo alitutumia kutoka Ubelgiji mbegu za Silene dioica, ua la pori la jamii ya karnesheni linaloota kando ya misitu ya Ulaya. Nimezipanda hapa Bukavu, kwenye kivuli chepesi cha mti wa avoka, zikaota vizuri. Maua ni ya waridi, petali tano, kila moja imepasuka ncha kama mkia wa mbayuwayu. Mazuri ajabu!

Shida ni mbegu. Mmea huu una dume na jike kwenye mashina tofauti. Nimechungulia maua yote yaliyochanua: naona stameni kumi (nyuzi za dume) zenye chavua, sioni hata moja lenye zile nyuzi tano za jike. Miche mingine bado haijachanua. Je, ningoje, au nigawanye mashina niliyo nayo kabla mvua za Septemba hazijaozesha mizizi? Udongo wetu ni mfinyanzi, unashika maji sana.

La pili linanisumbua zaidi. Jike likipatikana, litamwaga mbegu nyingi, na hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega haiko mbali. Sitaki kupeleka mgeni porini. Mliowahi kulilea ua hili, vifuko vya mbegu mnavikata lini?