Naomba ushauri: usawa kwenye Katiba na uhuru wa dini

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wasio Waislamu habari zenu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ngamiani, Tanga, na ni katibu wa kikundi cha akina mama cha madrasa yetu.

Tangu kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa iahirishwe mwaka 2015, suala hili haliishi midomoni. Wenzangu wamenipa kazi ya kuandika maoni yetu, Katiba mpya ikirudi mezani. Nimekwama kwenye usawa wa jinsia.

Katiba ya 1977 ninayo hapa, kurasa zimeshalegea. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, jinsia ikiwemo. Ibara ya 19 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya mamlaka ya nchi. Sasa kipengele cha usawa kikiongezwa makali, mirathi yetu ya Kiislamu itasimama wapi? Na msikiti au kanisa linalochagua viongozi wanaume tu, litashtakiwa?

Jamani, mimi siupingi usawa. Jirani yangu alifiwa na mume, mashemeji wakachukua nyumba hadi cherehani yake, wakisema ni dini. Si dini ile! Hata thumuni yake, yaani moja ya nane ya mirathi, fungu lake kama mjane, hakupewa. Nataka mwanamke kama yule alindwe na ibada zetu zisiguswe.

Wanasheria na masheikh mliopo, tuombe maneno gani hasa yaandikwe? Kikao chetu ni Ijumaa ijayo baada ya Alasiri.