Redio imeniponza kwa neno moja: eti "nimekanusha"!

Wakuu, naandika nikiwa Lindi vijijini na nimekasirika. Mods mkitaka kuuhamishia uzi huu jukwaa la lugha, sawa, lakini msiufute.

Mwezi wa nne simba alinguruma bondeni kwetu usiku mbili mfululizo. Asubuhi hadithi ni ile ile ya tangu enzi za babu: huyo si simba wa porini, ni simba wa kutengenezwa kwa uchawi, ana mwenyewe aliyemtuma. Na mnajua huku kwetu mtu akishatajwa kuwa mwenye simba kinachofuata ni nini. Kwa hiyo redio moja ya huku ilipopita kuhoji watu, nikajitosa.

Nikaeleza kwa utaratibu. Simba anamfuata nguruwe pori, nguruwe anafuata mashamba yetu, na sisi msimu wa kuvuna tunalala shambani kwenye dungu la makuti lisilo na mlango kulinda mazao dhidi ya huyo huyo nguruwe. Nikawapa na hesabu: watafiti walioandika mwaka 2005 walikuta kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao huku Kusini, na mashambulizi yanapanda Machi hadi Mei, wakati wa mavuno. Mchawi gani huyo anayefuata kalenda ya mpunga?

Jioni nikawasha redio nijisikie. Mtangazaji: "Mkazi mmoja AMEKANUSHA madai ya simba wa kichawi."

Basi. Kesho yake kisimani bibi mmoja jirani ananiangalia kwa huruma: "Mjukuu wangu, kwani nani alikutuhumu?" Kwenye kahawa wanaambizana, angekuwa hana lake, angekanusha nini?

Na wana haki! Anayekanusha kwa Kiswahili ni mtuhumiwa. Waziri anakanusha, mume aliyefumaniwa anakanusha. Shuleni tumefundishwa kukanusha ni kugeuza tu: ninalima, silimi, nimekula, sijala. Hapo kuna ushahidi gani? Ni mdomo tu. Mimi nimeeleza nguruwe, dungu na miezi, halafu mtu anayafupisha kuwa nimesema "siyo".

Nikampigia kijana wa redio. Eti semina waliyopewa ilisema "debunk" na simu yake ikatafsiri "kanusha". Mdogo wangu, hata wenyewe Kiingereza chao kina asili yake. Mwaka 1820 mbunge wao Marekani, Felix Walker, alishikilia kutoa hotuba ndefu isiyo na maana bungeni, akasema anaongea kwa ajili ya Buncombe, wilaya ya kwao North Carolina. Jina la wilaya likawa "bunk", yaani porojo. Mwandishi William Woodward akalibandika "de" mbele mwaka 1923, maana yake kuziondoa porojo kwenye jambo. KUZIONDOA. Siyo kuzikatalia.

Kuna wenzangu waliniambia wangetumia "kufichua". Hapana. Kinachofichuliwa ni siri, na siri ni kweli iliyofichwa. Ukisema umefichua uvumi wa simba, umewathibitishia kuwa ana mwenyewe! "Kuumbua" nalo linampiga mtu badala ya jambo. Bibi yangu anaamini simba wa kutengenezwa. Simtaki aumbuke, nataka asilale kwenye dungu.

Mimi ningesema kuanika. Tunaanika siri, tunaanika maovu, kwa nini tusianike uongo? Na sisi watu wa korosho tunajua kuanika ni kazi gani. Unaimwaga juani siku mbili tatu kabla ya kuipeleka ghalani, unaigeuzageuza, na mbovu inajitaja yenyewe kwa madoa na kusinyaa. Hakuna anayeikanusha korosho mbovu. Kila mtu anaiona, anaitupa. "Mkazi aanika uongo wa simba wa kichawi", kichwa cha habari kama hicho kingewashinda nini?

Nimeomba warekebishe. Wakanijibu kwamba wakitangaza tena itaonekana wanakanusha taarifa yao wenyewe. Yaani hapo wanalijua neno vizuri kabisa!

Jana mwenyekiti wa kijiji amemtuma mtoto aniletee karatasi. Kesho saa nne asubuhi nifike ofisini mbele ya wazee kutoa maelezo kuhusu simba. Sasa wakuu, nikifika pale nifanye nini, nikanushe?