Ukoo wa Babu 🌴 Pilau ya Jumapili na sahani ya Zuhura

Shangazi Mwajuma 19:02
Assalaam alaykum wanangu. Jumapili hitima ya babu yenu hapa Ngamiani, sufuria mbili za pilau. Zuhura mama wewe nikuwekee nini? Maana siku ile ulikula vijiko vitatu ukasogeza sahani, watu wakanifuata jikoni wananiuliza mwanao anaumwa nini na mimi sina la kujibu

Zuhura 19:09
Shikamoo shangazi

Zuhura 19:14
Siumwi shangazi angu wallahi. Ule mfuko wa tumbo umekatwa ili nipungue unene, umebaki mwembamba kama ndizi, vijiko vitano vile vikubwa nimeshiba, nikizidisha cha sita kifua kinabana. Ndo upasuaji wenyewe ulivyo. Tena wakikuuliza usiwaambie puto, puto lile la kupunguza unene la hospitali ya Mloganzila linawekwa tumboni halafu linatolewa, mi nimekatwa, halirudi. Waambie Zuhura anakula kidogo mara tano kwa siku na sukari yake imeshuka

Shangazi Mwajuma 19:16
Marhaba. Mara tano!! Sasa hela za kula mara tano unazitoa wapi na biashara ya vitenge imesimama

Kaka Hemedi 19:21
Asalaam alaykum. Nipo Maskati bado. Zuhura kuna yale makopo ya unga wa protini wanauza hapa, wanaonyanyua vyuma wananunua, nimeona kopo la kilo mbili riyali 25, nimtume jirani anakuja Dar wiki ijayo? Maana ulisema daktari anataka gramu 60 za protini kwa siku na mi nnavyokujua hapo Temeke utakuwa unakula mchicha tu

Rukia 19:22
Kaka shkamoo. Riyali 25 si zaidi ya laki na nusu hyo?? Dah

Zuhura 19:31
Kaka shikamoo, Mungu akuzidishie. Ila usinunue. Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji nlikuwa natumia ule unga kwa sababu nlikuwa kwenye maji maji tu, supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi, hakuna kingine kinapita. Sa hivi niko mwezi wa nne nakula vyakula vya kawaida na gramu 60 nazifikisha kwa kama elfu nne kwa siku. Nimekaa na yule dada wa lishe na daftari tukahesabu kitu kimoja kimoja

Zuhura 19:38
Mayai mawili gramu 12, trei elfu tisa kwa hyo mawili ni mia sita tu. Maziwa nusu lita gramu 16 hivi, nusu nakunywa fresh nusu nagandisha mwenyewe kwenye kibakuli mana maziwa mgando ya dukani mengine yana sukari. Kibua kutoka Feri mchana, kipande tu nyama tupu bila mwiba, 15. Choroko zile zilizopondwa pondwa nusu kikombe, 7. Na dagaa

Rukia 19:39
Hao dagaa waelezee vizuri da Zuhu, ndo wanaonifanya nije kwako kila Jumamosi 😂

Zuhura 19:47
Dagaa nachukua wa Mwanza, wa Kigoma bei imepanda. Nakata vichwa na kutoa lile tumbo jeusi mana ndo lenye uchungu na mchanga, naosha maji ya moto mara tatu mpaka maji yawe meupe, naanika juani hapo barazani juu ya ungo siku nzima, halafu nawakaanga kavu bila mafuta moto mdogo mpaka ukimvunja mmoja analia ka! kama jani kavu. Hapo nasaga kwenye blenda napitisha kwenye chekecheke, kinachobaki juu narudisha tena. Unapata unga laini wa rangi ya kahawia unanukia, naweka kwenye chupa ya kioo. Vijiko vitatu kwenye mchuzi wa nyanya na mchicha gramu 13 hyo tayari, na mifupa yake yote imo ndani. Huko mwanzo dagaa mzima alikuwa ananikwama, akisagwa anapita kama uji. Robo kilo inanitosha wiki na zaidi

Kaka Hemedi 19:50
Nimekuelewa. Sikujua kabisa kama dagaa wana nguvu hvyo

Mama 19:52
🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

Rukia 19:55
Kwa ambao hamna bando la kufungua, mama anauliza mbona nywele za Zuhura zinatoka, kaona kitana chake bafuni kimejaa, na anasema yeye ameanza kumkandia chapati za maziwa ili apate nguvu

Zuhura 20:01
Mama usikande mama angu 🙏 Chapati nlijaribu wiki iliyopita kwa Rukia, nusu ya robo. Ikasimama hapa katikati ya kifua, haishuki hairudi, mate yanajaa mdomoni mazito kama ute wa bamia, nikakaa chini ya sinki nusu saa mpaka nikaitoa. Ngano ikiingia inavimba inakuwa donge. Ugali wa moto nao hvyo hvyo, labda tonge moja laini mwishoni. Mi naanza na kitoweo kwanza, wanga mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo

Rukia 20:02
Nlilia siku ile. Nlidhani anakufa

Zuhura 20:03
Tena nlikula haraka. Tonge inabidi utafune mpaka lipotee lenyewe

Mama 20:06
Na nywele je

Zuhura 20:15
Nywele waliniambia kabla, mwezi wa tatu mpaka wa sita wengi zinatoka kwa sababu mwili umepungua haraka, zinarudi ukila protini ya kutosha. Ila kuna kitu sikuwaambia, leo nawaambia wote. Wiki tatu sijameza vidonge vyangu vya vitamini. Viliisha, kodi ya fremu ikaingia, nikasema nitanunua mwezi ukiisha. Juzi dada wa lishe kanikalisha akanionyesha, chakula naweza kubana lakini vidonge siwezi, mana kwa tumbo hili lililobaki mwili hauchukui vitamini B12 vizuri na nnachokula ni kidogo, madini ya chuma hayatoshi. Hivi ni vya maisha. Ukiacha damu inaisha, miguu inakufa ganzi. Nlijisikia vibaya sana kwa kweli

Mama 20:16
Zuhura!! Wiki tatu mwanangu? Na kila siku naongea na wewe kwenye simu

Zuhura 20:17
Nisamehe mama. Niliona mmeshanichangia sana upasuaji, nikaona aibu kuomba tena

Kaka Hemedi 20:19
Aibu ya nini na sisi ni tumbo moja. Hiyo laki na nusu ya kopo natuma sasa hivi kwenye simu yako, nunua multivitamini, kalsiamu, chuma, vyote vya miezi hata miwili, na kipimo cha damu ufanye. Kila mwezi tarehe 5 nakutumia ya vidonge tu, ya vidonge haiguswi kwa kodi

Zuhura 20:23
Imeingia kaka. Allah akulipe. Kesho asubuhi naenda famasi. Chuma nitameza asubuhi na kalsiamu mchana na jioni, havitakiwi pamoja, na chai nasogeza mbali na chakula mana inazuia chuma, mchicha nakamulia ndimu

Shangazi Mwajuma 20:27
Haya nimesoma yote mpaka miwani imeniuma macho. Sasa Jumapili. Pilau hutaki, chapati hutaki. Kuku je?

Zuhura 20:31
Kuku nataka shangazi! Ila wa kienyeji nyama yake ngumu, mchemshe mpaka aachie mfupa umchambue nyuzi nyuzi umrudishe kwenye mchuzi wa nazi nyepesi. Na kijiko kimoja cha pilau ntaonja, pilau yako siwezi kuikosa. Soda usinifungulie, gesi inaniumiza. Na maji usinipe nikiwa nakula, napumzika nusu saa ndo naanza kunywa taratibu

Zuhura 20:32
Na vile vidonge vya mgongo ulivyonipa siku ile, diklofenaki, usinipe tena hata nikilia. Vinachubua tumbo. Parasetamoli tu

Shangazi Mwajuma 20:36
Astaghfirullah sikujua mama, nisamehe. Kuku nitamkalisha jikoni toka alfajiri. Nina kile kisahani cha kikombe chenye maua ya bluu cha bibi yako, ndo nitakuwekea humo, mtu akiuliza mbona kidogo nitamjibu mimi

Zuhura 20:37
❤️❤️

Rukia 20:38
Da Zuhu tunapanda basi la saa 12 asubuhi. Beba mayai ya kuchemsha mawili ya njiani na ile chupa ya dagaa

Mama 20:40
Na chekecheke lilete. Nami nataka kusaga wangu