Amplifaya ya zamani inaunguza fyuzi

Langoni: Mafundi, salaam. Stereo ya wati 100 kila upande, transista C5200 na A1943. Nikiwasha tu, fyuzi inakwenda. Nianzie wapi?

Shela: Usitie fyuzi kubwa zaidi, utaunguza transfoma. Toa spika, kisha funga balbu ya wati 100, ile ya waya ndani, si LED, kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Ikimulika kisha ikafifia, afadhali. Ikibaki inawaka kabisa, kuna shoti. Chomoa umeme, ngoja kapasita kubwa zishuke chini ya volti 2, upime omu kati ya kolekta na emita, miguu miwili ya kila transista kubwa. Karibu na sufuri? Transista hiyo imekufa. Zikiwa nzima, pima daraja la dayodi, zile nne zinazogeuza AC kuwa DC.

Mkomani: Transista ikifa, mara nyingi huondoka na draiva yake, transista ndogo inayoiendesha, na resista ya omu 0.22. Badilisha jozi nzima. Usisahau maika, kile kikaratasi cha kuzuia umeme, maana bati la nyuma la transista ndilo kolekta. Likigusa kipoza joto, shoti imerudi. Kabla ya kurudisha spika, pima volti za DC kwenye tundu zake: isizidi milivolti 50. Kagua relei pia, ile swichi inayounganisha spika, chumvi ya bahari hapa Lamu haina huruma. Na C5200 feki zimejaa madukani!

Langoni: Balbu inawaka kabisa. Nafungua upande wa kulia.