Boriti za kubeba tangi la maji: je, hesabu hii ya mikazo imekaa sawa?

Muuliza swali, Nkuhungu, Dodoma

Wakuu, salaam. Nataka kuinua tangi la lita 1,000 juu ya boriti mbili za mbao ya mbili kwa sita (milimita 50 kwa 150), zikiwa zimesimama kwa ubavu na kuegemea kuta mbili zilizoachana mita 2. Maji peke yake yana uzito wa takriban kN 10 (kilonewtoni), hivyo kila boriti inabeba 5. Nimeusambaza uzito huo kwenye urefu wote, nikapata momenti (nguvu ya kupinda boriti) ya 5 × 2 ÷ 8 = 1.25 kNm, nilipoigawa kwa bh²/6 (b ni upana wa mbao, h ni kimo chake), yaani 187,500 mm³, mkazo wa mpindo, yaani nguvu kwa kila milimita ya mraba, ukawa 6.7 N/mm². Kwa mkazo wa kukata, nimegawa 2,500 N (nusu ya mzigo wa boriti, inayofika kila ukuta) kwa eneo la 7,500 mm², nikapata 0.33. Je, nikanunue mbao?

Jibu la 1

Mkuu, subiri kwanza. Kitako cha tangi la namna hiyo kina upana wa karibu mita 1 na kitakaa katikati, kwa hiyo nusu mita ya kila upande haiguswi na mzigo. Momenti hapo ni W(2L − c)/8 (W ni mzigo wa boriti moja, L umbali kati ya kuta, c upana wa kitako), yaani 5 × (4 − 1) ÷ 8 = 1.875 kNm, na mkazo unapanda hadi 10 N/mm². Mzigo wote ungekuwa kwenye nukta moja ya katikati, ungefika 13.3, ingawa kila ukuta bado ungepokea kN 2.5 zilezile kutoka kila boriti.

Ile 0.33 ni wastani tu. Katika umbo la mstatili, mkazo wa kukata ni sifuri juu na chini, na kilele chake kiko katikati ya kimo, mara 1.5 ya wastani: 0.5 N/mm².

Jibu la 2

Naongezea kama seremala. Mbao hukatika kwa kufuata nyuzi, na ukavu wa hapa Dodoma huzipasua ncha za mbao mbichi palepale kwenye egemeo, ambako nguvu ya kukata ni kubwa zaidi. Kwa hiyo usichonge pengo chini ya ncha ili boriti zilingane kimo, jambo ambalo sisi mafundi tunalipenda mno. Wala usizilaze bapa: bh²/6 itashuka hadi 62,500, na ile 10 itakuwa 30.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Sasa hiyo 10 inakubalika?

Jibu la 1

Kwa mbao laini ya daraja la C16, haikubaliki. Namba 16 ni nguvu ya mbao dhidi ya mpindo, kwa N/mm², kabla ya kupunguzwa kwa sababu ya usalama na ya mzigo unaokaa muda mrefu, na ukishapunguza, kwa kanuni za Ulaya, unabaki na chini ya 8. Chukua milimita 75 kwa 200: bh²/6 ni 500,000 mm³, mkazo unashuka hadi 3.75, na ule wa kukata unakuwa 0.25. Kisha zifunge kwa vipande vya mbao kati ya boriti moja na nyingine, zisije zikapinduka na kulala bapa tangi likijaa.