Kikapu cha vyuo Marekani: tupange konferensi kwa ramani au kwa ubora?

Mzee wa Ribaundi:
Wakuu, tangu Pac-12, konferensi (yaani ligi ya vyuo) ya magharibi, isambaratike 2024, ramani ya kikapu cha vyuo imenishinda. UCLA ya Los Angeles iko Big Ten pamoja na Rutgers ya New Jersey, upande wa pili wa nchi. Stanford na Cal, vyuo vya California, wanacheza ACC, na hiyo A ya mwanzo ni Atlantiki! Tuseme tumepewa kalamu, tupange kikapu peke yake, futiboli yao ya Kimarekani wabaki nayo. Naona njia tatu: ramani tupu, jirani kwa jirani, ubora tupu, timu zaidi ya 350 za Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya vyuo, zipande na kushuka daraja kama soka letu, au kanda zenye madaraja mawili ndani. Mimi niko na hiyo ya mwisho.

Binti Upanga:
Ramani tupu inanoga mpaka ufike Philadelphia. Villanova, Temple, Saint Joseph's, La Salle, Penn na Drexel wote wako mjini na viungani mwake, lakini wamesambaa konferensi tano. Wanakutana kwenye Big 5, utani wa jadi tangu 1955 (Drexel kaingia 2023, wako sita na jina limebaki lile lile). Sasa waweke pamoja msimu mzima: Villanova mwenye mataji matatu ya taifa, na Penn ambaye kama wenzake wote wa konferensi ya Ivy League hatoi ufadhili wa michezo. Bingwa utamjua kabla ya Krismasi.

Kocha wa Mtaa:
Dada, Penn huyo huyo alimfunga Villanova Desemba 2018, miezi minane tu baada ya Villanova kubeba taji. Mimi tatizo langu ni kupanda na kushuka. Wachezaji siku hizi wanahama kila mwaka: timu inapanda Aprili, Mei kikosi kimeshatawanyika. Halafu Saint Peter's wa 2022, waliopangwa namba 15 kati ya 16 za kundi lao, waliingia mashindano ya taifa ya Machi kama mabingwa wa konferensi ndogo ya MAAC, wakamng'oa Kentucky, wakafika robo fainali. Ukipanga kwa ubora tupu, tiketi ile wangeipata wapi? Hata 2025 nafasi zilikuwa 68, na konferensi ya SEC peke yake ilichukua 14.

Pwani34:
Mmesahau konferensi ya Big East enzi za Hasheem Thabeet wetu akiwa UConn? 2009 timu 16, kutoka Milwaukee mpaka Tampa. Ramani gani hiyo? Lakini UConn, Pittsburgh na Louisville wote waliingia mashindano ya Machi wakiwa namba moja, kila mmoja kwenye kundi lake. Na Blair wa Pittsburgh (Pitt) alivyomrusha Thabeet begani kama gunia la mkaa, mpaka leo inaniuma. Uhasama ule ulitokana na kukutana kila mwaka. Leo Pitt yuko ACC, UConn aliondoka akarudi Big East 2020.

Mzee wa Ribaundi:
Basi narekebisha. Kanda, madaraja yapangwe kwa wastani wa misimu mitatu, na bingwa wa daraja la chini naye apewe tiketi ya Machi. Kocha, umeridhika?

Kocha wa Mtaa:
Nusu. Hela ya televisheni inafuata futiboli, ndiyo iliyowapeleka UCLA huko. Nani atakubali kuvitenganisha?

Binti Upanga:
Na Gonzaga wa Spokane, jimbo la Washington, mnamweka na nani? Eastern Washington ni jirani, Washington State sawa, ni saa moja na nusu kwa gari. Baada ya hapo ni Idaho na Montana tu.