Kiungo cha GitHub na LinkedIn kiwe sharti la kazi Zanzibar?

Mleta mada
Assalamu alaykum. Matangazo ya kazi za usanidi wa programu hapa kwetu yanazidi kumtaka mwombaji aambatanishe kiungo cha GitHub, tovuti ambako wasanidi huweka msimbo wao, na cha LinkedIn, mtandao wa kijamii wa kutafutia kazi. Asiye navyo huachwa kabla hata cheti chake hakijatazamwa. Ni haki? Wenye ujuzi wa kazi hii, leteni hoja.

Mwajiri, Fumba
Mimi nasema iwe sharti. Wasifu wa karatasi siku hizi wote unafanana: React, Node, Python, mchapakazi, anajituma. Msimbo ulio wazi humwonyesha mtu anavyofanya kazi. Anayejua kuusoma hababaishwi na vile visanduku vya kijani vinavyoonyesha kwenye ukurasa wa GitHub siku mtu alizochangia. Hufungua README, lile faili la maelezo ya mradi, aone kama mgeni anaweza kuuwasha mradi kwa kuifuata. Hupitia mabadiliko kumi ya mwisho aone kama kila moja limebeba jambo moja, na kama ujumbe wake unaeleza sababu badala ya kusema tu "nimerekebisha". Kisha hutafuta mahali mwombaji alipokosolewa na wenzake asome alivyojibu. Hapo pa mwisho ndipo penye mali. Robo saa inatosha.

Mwana Chake
Robo saa ya nani, ndugu yangu? Maombi yakishakuwa mengi hakuna anayesoma, na kiungo kinabaki kuwa chujio tu. Chujio lenyewe linawaacha nje watu walio kazini. Anayeandika mfumo wa taasisi ya serikali, benki au hoteli amefungwa na mkataba wa siri, na msimbo ni mali ya mwajiri wake. GitHub humruhusu kuonyesha michango ya faragha, lakini kinachotokea ni hesabu tupu, hakuna mstari hata mmoja wa kusoma. Basi mtu mwenye miaka sita ya kazi nzito anaonekana hana kitu mbele ya aliyenakili somo la kutengeneza duka la mtandaoni.

Na visanduku hivyo si ushahidi hata kidogo. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, tangu Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 2005, hupokea tarehe yoyote unayoipa. Ukiweka tarehe zake, GIT_AUTHOR_DATE na GIT_COMMITTER_DATE, utakavyo, mwaka mzima unajaa kijani kwa dakika chache. Kuna programu za kuchora hata maandishi humo.

Tena tuseme wazi: sharti hili linamtaka mama mwenye watoto afanye kazi ya pili bila ujira baada ya sala ya isha. Asipoweza, tunamwita mvivu.

Mwalimu, Tunguu
Kabla hamjafika mbali, wapo wengi wanaohukumiwa kwa kazi waliyoifanya ila haionekani. Sababu kubwa ni barua pepe. GitHub hukuhesabia mchango pale tu barua pepe iliyoandikwa ndani ya Git inapolingana na mojawapo ya zilizosajiliwa kwenye akaunti yako. Laptopu ya chuo au ya ofisi mara nyingi ina barua pepe nyingine. Andikeni `git config user.email` mtazame inajibu nini. Ikiwa si yenu, iwekeni sawa, na ile ya zamani iongezeni kwenye mipangilio ya akaunti mkiwa bado mnaweza kuifungua, maana lazima ithibitishwe. Mkishaithibitisha, kazi ya nyuma nayo huanza kuhesabiwa. Asiyetaka anwani yake ionekane hadharani atumie ile ya noreply ambayo GitHub yenyewe humpa.

Sababu ya pili: kazi iliyobaki kwenye nakala yako ya mradi wa mtu mwingine haihesabiki mpaka iunganishwe kwenye mradi wa asili, katika tawi lake kuu. Na ukurasa wenu unabandika hazina 6 tu juu kabisa, yaani makabrasha ya msimbo wa miradi. Bandikeni mbili zilizokamilika, acheni nafasi nyingine wazi. Mazoezi ya darasani yafanyeni ya faragha.

Kijana wa Mkoani
Shukrani mwalimu. Sisi ambao bado hatujaajiriwa tuweke nini? Kuchangia miradi ya watu si ndiyo njia?

Mwana Chake
Ni njia nzuri ikifanywa kwa kuipenda kazi yenyewe. Ikishakuwa sharti, huharibika. Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia msimbo huria, mwaka 2020 iliahidi fulana kwa atakayetuma michango minne. Miradi ikafurika maombi ya kuongeza neno moja kwenye README, na wenye miradi wakaelemewa kwa kuyafunga. Ndani ya siku chache tu waandaaji walibadilisha kanuni, ikahesabiwa miradi iliyokubali kushiriki pekee. Kazi ina uzito kuliko fulana. Mkiweka sharti, takataka hizo hizo zitawarudia.

Mwalimu, Tunguu
Kijana, anza na programu inayotumika hapa hapa. DHIS2 ni mfumo unaobeba takwimu za afya Zanzibar na msimbo wake uko wazi. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, inahitaji watu wanaozijua njia za Mkoani kwa miguu. Soma kwanza faili la CONTRIBUTING, lenye kanuni za kuchangia mradi. Chagua hitilafu moja, izalishe upya kwenye mashine yako, kisha andika chini yake: toleo gani, hatua zipi, umeona nini. Maelezo hayo peke yake ni mchango. Usiandike msimbo mpaka mwenye mradi akubali njia unayotaka kuipitia. Mabadiliko yasizidi mistari hamsini hivi, na usichanganye kurekebisha hitilafu na kupanga upya nafasi za mistari, kwa sababu msomaji hataona kilichobadilika. Google Summer of Code, programu ya Google ya kuwalipa wachangiaji wapya wa msimbo huria, iliyoanza 2005, tangu 2022 haibagui asiye mwanafunzi. Mtu mpya katika msimbo huria mwenye miaka 18 anaweza kuomba.

Bi Usalama, Wete
Mnasahau hatari. Kila tunapowaambia vijana wajitangaze, tunawapeleka mbele ya waajiri wa uongo. Namna yao inajulikana: ujumbe wa LinkedIn, mshahara mnono kwa dola, kisha "jaribio" kwenye hazina fulani, na haraka kubwa. Ukiandika `npm install`, amri ya kupakua vifurushi vya mradi wa JavaScript, hati za preinstall na postinstall hujiendesha zenyewe, nazo zinaweza kusomba nywila za kivinjari na funguo za SSH za kuingilia seva kabla hujafungua faili hata moja. Fungueni package.json kwenye tovuti kwanza, msome sehemu ya scripts. `npm install --ignore-scripts` huzuia hatua hiyo tu. Ukija kuuendesha mradi wenyewe, ubaya uliofichwa ndani ya msimbo utafanya kazi vilevile. Basi jaribio la mtu usiyemjua liendeshwe ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya yako, isiyo na folda iliyounganishwa na mashine yako. Mwajiri wa kweli hakasiriki ukimwambia hivyo.

Jambo jingine ni funguo za API, zile nywila ambazo programu hutumia kuingia kwenye huduma nyingine. Kijana anasukuma GitHub faili la .env linalotunza funguo hizo, anashtuka, analifuta kwenye badiliko linalofuata, anadhani yamekwisha. Ufunguo ungali kwenye historia, na roboti husaka hazina za wazi saa zote. Kwanza ubatilishe huko ulikotolewa, ndipo uhangaike na historia. Wengi hugeuza mpangilio huo, na kugeuza huko ndiko kunakowagharimu.

Mwajiri, Fumba
Bi, hilo la mashine pepe nalikubali bila ubishi, na sisi waajiri tuliandike kwenye maelezo ya jaribio. Kuhusu LinkedIn nalegeza: sitaidai tena. Zile sifa za kubofyana hazinisaidii kitu. Anayeitumia basi ajaze vile vibambo 220 vya kichwa kwa alichojenga na nani anakitumia, si kwa neno "mpenda teknolojia".

GitHub siiachi yote. Napendekeza mwombaji alete kimojawapo: kiungo cha msimbo, au kurasa mbili zinazoeleza mfumo aliojenga, uamuzi mgumu alioufanya na kilichoharibika, bila kutoa siri ya mkataba, au aje ofisini asome msimbo wetu kwa saa moja atuambie makosa yake.

Mwana Chake
La tatu ndilo bora, na liwezekane kwa njia ya video pia. Mtu wa Micheweni asipande boti hadi Unguja kwa ajili ya saa moja. Ila jaribio likizidi saa mbili lilipwe.

Mwajiri, Fumba
Video, sawa. Malipo kwa waombaji wote kampuni ndogo haiyawezi.

Mwana Chake
Basi wapewe jaribio watatu wa mwisho tu, nao walipwe. Wengine wamalizieni kwenye zile kurasa mbili.